Jinsi ya Kupima Thamani ya Mazingira Katika Mji Mdogo wa Vijijini, Hatua kwa Hatua

Swali la kwanza nililowahi kuandika kuhusu thamani ya mazingira lilikuwa hili: "Je, uko tayari kulipa kiasi gani ili mto wetu ulindwe?" Nililiona limekaa vizuri. Wasaili wanne walizunguka nalo mjini siku tisa, wakarudi na majibu ambayo hata kuyajumlisha nilishindwa: sufuri nyingi, tarakimu mbili tatu za ajabu, na maneno yaliyoandikwa pembeni mwa fomu kama "mto ni wa Mungu" na "waulizwe waliouchafua". Mzee mmoja alimtazama msaili kwa muda, kisha akamuuliza: "Ulindwe dhidi ya nini, mwanangu? Na usipolindwa utakuwaje?"

Mzee alikuwa ameiona kasoro ambayo mimi na msimamizi wangu hatukuiona. Mtu hawezi kuuthamini mto. Anachoweza kuthamini ni badiliko: mto ulivyo leo, utakavyokuwa kesho, na yeye atoe nini ili kesho hiyo iwe hii badala ya ile. Mwongozo huu unamfaa mwanafunzi wa uzamili, au ofisa wa mipango, anayefanya utafiti wake wa kwanza katika mji wa watu elfu chache, ule ambao nyumba zikiisha mashamba yanaanza.

Hatua ya 1: Liandike badiliko kwa sentensi mbili

Fanya hivi kabla hujagusa nadharia yoyote. Sentensi ya kwanza ieleze hali itakavyokuwa mambo yakiachwa yalivyo. Ya pili ieleze hali itakavyokuwa mpango ukitekelezwa. Zote ziwe na mahali, kipimo na muda. Kwa mfano:

"Mambo yakiendelea hivi, baada ya miaka 10 nusu ya kinamasi kilicho juu ya mji itakuwa imegeuzwa mashamba, na maji ya bomba yatatoka na tope wiki 6 kila msimu wa mvua badala ya wiki 2 za sasa. Mpango ukitekelezwa, kinamasi kitabaki kilivyo na wiki zitabaki 2."

Ukishindwa kuziandika, tatizo lako bado halijafika kwa mchumi. Mtafute mtaalamu wa maji, wa misitu au wa udongo akupe hizo wiki. Watafiti wengi huruka hapa kwa sababu hapana mvuto, halafu miezi mitano baadaye hujikuta wana kipimo cha hisia za watu juu ya neno "mazingira".

Mwaka 1997 Robert Costanza na wenzake walikadiria kwamba huduma zote za mifumo ikolojia duniani, yaani faida ambazo watu huzipata kutoka kwa asili, zina thamani ya wastani wa dola trilioni 33 kwa mwaka. Tarakimu hiyo iliwaamsha wengi, na faida yake siikatai. Lakini mchumi Michael Toman aliijibu mwaka 1998 kwa kejeli kwamba ni makadirio ya chini mno ya kitu kisicho na kikomo. Bila dunia hii hakuna wa kulipa wala wa kulipwa. Kuthamini kitu kizima ambacho hakuna anayependekeza kukiondoa hakumsaidii anayepaswa kuamua. Ndivyo ilivyo kwa mto wako pia.

Ukishapata sentensi zako, orodhesha huduma zinazoguswa. Mgawanyo uliozoeleka ni ule wa tathmini ya mifumo ikolojia ya milenia ya mwaka 2005: mazao, udhibiti (kama wa mafuriko), utamaduni, na huduma wezeshi kama kujengeka kwa udongo. Angalia usihesabu mara mbili. Udongo ukishahesabiwa ndani ya mavuno, usiuhesabu tena peke yake.

Hatua ya 2: Chora mpaka wa wanaoguswa

Mpaka wa mji kwenye ramani ya serikali mara nyingi si mpaka wa utafiti. Kuna wakulima wa pembezoni, kuna walio chini ya mto, kuna wenye nyumba mjini wanaoishi kwingine. Mfano mkubwa ni maji ya jiji la New York, ambayo sehemu kubwa hutoka katika milima ya Catskill na bonde la mto Delaware, kwenye miji midogo na mashamba yaliyo mbali na jiji. Katika miaka ya 1990 jiji lilikabiliwa na sharti la kujenga mtambo wa kuchuja maji, kwa makadirio yanayotajwa sana ya dola bilioni 6 hadi 8. Mwaka 1997 likasaini makubaliano na miji ile: jiji ligharamie utunzaji wa ardhi, mifumo ya majitaka na mbinu safi za kilimo huko juu, na likafanikiwa kuepuka kuchuja maji hayo. Mtafiti ambaye angewahoji wenyeji wa Catskill peke yao angepata thamani ya wanaobeba mzigo, akawasahau mamilioni wanaofungua bomba.

Basi chora jedwali la safu tatu: nani ananufaika, nani anagharimika, nani hana sauti katika vikao vya mji. Safu ya tatu ndiyo inayochukua muda.

Hatua ya 3: Chagua njia inayoufaa mji mdogo

Njia ya bei za nyumba hutazama jinsi hewa safi au mandhari yanavyopandisha bei. Inahitaji mamia ya mauzo yaliyorekodiwa, na mji mdogo haunayo. Iache.

Njia ya gharama za safari ilianzia kwenye barua ya Harold Hotelling ya mwaka 1947 kwa idara ya hifadhi za taifa ya Marekani. Inafaa kama watu wanasafiri kuja kwenye ziwa au msitu wako, lakini inapima matumizi ya wageni tu.

Gharama za mbadala, yaani mtambo ungegharimu kiasi gani kama kinamasi kisingekuwepo, ni rahisi na hueleweka haraka na madiwani. Tahadhari yake moja: hesabu hiyo ina maana tu kama mji kweli ungeujenga mtambo huo.

Inabaki kuwauliza watu wenyewe, ama kwa jaribio la machaguo, ambapo mhojiwa huchagua kati ya mipango yenye sifa tofauti, ama kwa uthamini wa dodoso, ambapo mhojiwa huwekewa mpango mmoja na gharama moja, naye aseme ndiyo au hapana. Kwa utafiti wa kwanza, wenye fedha kidogo, ningeanza na huo wa pili. Hatua zinazofuata zinauhusu.

Hatua ya 4: Andika swali kama kura

Mwaka 1989 meli ya Exxon Valdez ilimwaga mafuta kwenye pwani ya Alaska, na mabishano juu ya fidia yakazaa jopo la wataalamu lililoongozwa na Kenneth Arrow na Robert Solow, wote washindi wa tuzo ya Nobel. Ripoti yao ya mwaka 1993 bado ni rejeo kubwa la kazi hii. Walishauri swali liulizwe kama kura ya maoni, mhojiwa akumbushwe kwamba pesa atakayotoa haitafanya kazi nyingine na kwamba kuna mali nyingine za asili, na kila penye shaka mtafiti achague upande unaotoa thamani ndogo.

Swali likikaa sawasawa husomeka hivi:

"Mpango huu utatekelezwa iwapo zaidi ya nusu ya kaya zitaukubali. Ukikubaliwa, kila kaya, pamoja na yako, italipa [kiasi] kwa mwezi kwenye ankara ya maji kwa miaka 5. Pesa hiyo hutaweza kuitumia kwa jambo lingine. Wapo wanaoukubali kwa sababu wanajali maji. Wapo wanaoukataa kwa sababu gharama ni kubwa kwao au hawauamini. Kama kura ingepigwa leo, ungesema ndiyo au hapana?"

Hiyo sentensi ya "wapo wanaoukataa" usiifute. Humpa mhojiwa ruhusa ya kukataa bila aibu, na mjini ambako msaili pengine alisoma na mtoto wake, ruhusa hiyo ni dhahabu.

[Kiasi] hubadilika kwa bahati nasibu kutoka fomu moja hadi nyingine. Usikitunge mezani. Kaa kwanza na vikundi vitatu au vinne vya majadiliano, watu 6 hadi 8 kila kimoja, wanawake na vijana wakipewa vikao vyao. Wape mpango, waache wabishane, usikilize wanapoanza kusema "hapo sasa mnatuumiza". Viwango vinne au vitano vitatosha: cha chini ambacho karibu wote wanakikubali, cha juu ambacho karibu wote wanakikataa.

Vikundi hivyo hivyo vitakuambia kama njia ya malipo inaaminika. Niliwahi kutumia "mfuko wa mazingira" mahali ambapo mfuko wa awali ulikuwa umeliwa. Watu walikataa mfuko, mimi nikaandika kwamba wamekataa mazingira. Aibu ile ilinifunza kuuliza kwanza: nani atashika pesa?

Hatua ya 5: Sampuli na wasaili

Fomula ya Yamane ya ukubwa wa sampuli ni n = N / (1 + Ne²): n ni sampuli, N ni idadi ya kaya zote, e ni kosa unaloliruhusu. Kwa kaya 3,000 na kosa la asilimia 5, unapata kaya 353. Ongeza kidogo kwa ajili ya watakaokataa, na uchague kutoka orodha kamili ya kaya, usichague watakaokutwa sokoni.

Wasaili wafanye majaribio kwa kaya 30 nje ya sampuli. Mwambie mhojiwa aeleze kwa maneno yake alichokielewa kabla ya kupiga kura. Ukisikia "mnataka kutuhamisha?", rudi hatua ya 4.

Igawe sampuli mara mbili. Nusu moja ipewe mpango wa kulinda kinamasi chote, nyingine theluthi yake. Sababu ni hii: katika utafiti wa William Desvousges na wenzake, makundi matatu yaliulizwa yangelipa kiasi gani kuokoa ndege 2,000, 20,000 au 200,000 wasife kwenye madimbwi ya mafuta. Wastani ulitoka dola 80, 78 na 88. Ndege mara mia, pesa ile ile. Kama nusu zako mbili zinalipa sawa, watu wamenunua nafsi safi, kinamasi hawakukisikia.

Hatua ya 6: Hesabu, ukianza na mkono

Watenge kwanza waliosema hapana. Waulize sababu. "Sina uwezo" na "kwangu haina faida hiyo" ni sufuri halali. "Alipe aliyechafua" ni pingamizi, kwa kuwa mtu huyo huenda anaithamini sana mali hiyo. Ripoti matokeo mara mbili, pamoja na wapinzani na bila wao, msomaji aone tofauti.

Programu ya takwimu ya R itakufanyia logiti, yaani modeli inayokadiria uwezekano wa mtu kusema ndiyo kwa kila kiasi, lakini kabla ya hapo piga kwa kalamu hesabu ya Turnbull, inayompa kila mtu kiwango cha juu alichokikubali tu. Tuseme viwango ni 2, 5, 10 na 20, na waliosema ndiyo ni asilimia 80, 60, 35 na 10. Asilimia 20 walikataa hata 2: wape sufuri. Asilimia 20 wako kati ya 2 na 5: wape 2. Asilimia 25 wako kati ya 5 na 10: wape 5. Asilimia 25 nyingine wape 10, na 10 za mwisho wape 20. Jumla: 0 + 0.4 + 1.25 + 2.5 + 2 = 6.15 kwa kaya kwa mwezi. Huu ni wastani wa chini kabisa ambao majibu yanauruhusu, na hakuna wa kukuambia umeuongeza chumvi. Kiwango ambacho nusu ya watu wangekubali ni takribani 7. Logiti yako ikileta wastani wa 40, mkia wa juu wa modeli ndio unaokudanganya.

Unapozidisha kwa idadi ya kaya, waliokataa kuhojiwa usiwape wastani wa waliokubali. Kwa tahadhari, wape sufuri.

Hatua ya 7: Usiiite uendelevu kabla hujatazama mgawanyo

Utayari wa kulipa hubebwa na uwezo wa kulipa. Kaya inayokata nyasi na kuteka maji kinamasini inaweza kusema hapana kwa 5, na bado ndiyo itakayoumia zaidi kikikauka. Kwa hiyo panga majibu kwa makundi ya kipato, na kwa maskini zaidi uliza pia kwa siku za kazi, siku ngapi kwa mwezi wangetoa, bila kuzigeuza siku hizo kuwa fedha kwa haraka. Mji unaweza kupata jumla nono na mpango wenye kuwafukuza watu wake; tarakimu moja haitakuonyesha hilo, jedwali la makundi litakuonyesha.

Hatua ya 8: Rudi mjini kabla ya kuchapisha

Bandika matokeo kwenye karatasi kubwa, maandishi manene, usome kwa sauti katika mkutano. Anza na zile sentensi mbili za hatua ya 1, ndipo utaje kiasi. Safari yangu ya pili katika mji ule ule, yule mzee alikaa mstari wa mbele. Aliposikia "wiki 6 za tope" alitikisa kichwa, akasema kwake zitakuwa 8, kwa kuwa bomba lake liko mwisho wa mstari. Nikaiandika pembeni. Ramani ya mabomba sikuwa nimeiomba.