Namna ya Kumkamata Chura Koki kwa Mkono Huko Hawaii

Dume la chura koki hazidi urefu wa kidole gumba, lakini ukisimama nusu mita kutoka alipo, mlio wake huweza kufikia desibeli 90. Kwao Puerto Rico huenziwa. Hawaii, alikoingia mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa amejificha kwenye miche ya vitalu, ni mvamizi anayewanyima watu usingizi. Visiwa hivyo havina chura wa asili hata mmoja, kwa hiyo hakuna hofu ya kumuua asiyehusika.

Chombo kinachofaa ni chupa ya maji ya plastiki inayoonyesha ndani, iliyokatwa kitako na kuachwa na kifuniko chake, pamoja na kipande cha kadibodi. Chukua pia tochi mbili na mfuko unaofungika barabara.

Nenda na mwenzako baada ya magharibi, kwa sababu sikio la mtu mmoja hudanganywa kwa urahisi na mlio unaorudishwa na kuta. Simameni mbalimbali, kila mmoja asikilize, kisha aelekeze tochi pale anapodhani sauti inatoka. Miale inapokutana ndipo chura alipo, mara nyingi juu ya jani. Akinyamaza, zimeni tochi na msisogee hata hatua moja, kwani baada ya dakika chache ataanza tena, na wenye pupa hushindwa hapo hapo. Ukimwona koo likivimba, mfunike taratibu kwa upande mpana wa chupa, upitishe kadibodi kati yake na jani, naye atarukia juu, kwenye shingo iliyozibwa.

Jike hatoi mlio huo, hivyo yeye hutegwa. Ziba upande mmoja wa kipande cha mwanzi au bomba la plastiki, ukifunge wima kwenye shina la mti, na kila wiki ufunike mdomo wake kwa mfuko kabla ya kukikung'uta. Kagua pia majani makavu yaliyojikunja, kwa kuwa mayai hutagwa humo na kuanguliwa vyura kamili bila hatua ya kiluwiluwi. Kumwaga madimbwi, jambo ambalo wengi hulikimbilia, hupunguza mbu tu.

Usimsafirishe akiwa hai, kwani sheria inakataza. Mpake tumboni dawa ya ganzi yenye benzokaini, na akishapoteza fahamu, mtie mfukoni na kumweka kwenye friza kwa siku mbili.