Somo: Kujaribu Mwonekano Mpya wa Blogu ya Blogger Faraghani Kabla ya Kuuweka Hadharani

Ndugu wanachama, somo hili linawahusu wenye blogu za Blogger (huduma ya Google ya kuendesha blogu) wanaotaka kubadilisha mandhari, yaani sura na mpangilio wa blogu, bila wasomaji kuikuta blogu ikiwa nusu imejengwa. Wengi hutegemea kitufe cha kuhakiki, lakini hicho hakitoshi, kwa kuwa kasoro nyingi hujificha ndani ya makala mojamoja, kwenye maoni na kwenye kurasa za lebo. Njia ya uhakika ni kufungua blogu ya pili katika akaunti ileile, jambo ambalo Blogger huliruhusu bila malipo.

Hatua ya kwanza. Fungua blogu hiyo, na kabla ya kuweka chochote ndani yake nenda kwenye Mipangilio: zima ruhusa ya kuonekana kwenye injini za utafutaji, kisha katika sehemu ya wanaoruhusiwa kusoma chagua waandishi wa blogu peke yao. Utaratibu huu usigeuzwe, kwani ukiingiza makala huku blogu iko wazi, Google inaweza kukuta nakala mbili za maandishi yaleyale na kumpeleka msomaji kwenye ile ya majaribio.

Hatua ya pili. Rudi kwenye blogu halisi, ingia kwenye Mandhari na upakue nakala yake, ambayo ni faili la XML; lipe jina lenye tarehe ya siku hiyo. Faili hilo hubeba sura ya blogu tu, wala halina makala. Makala na maoni huhifadhiwa kwa nakala nyingine inayopatikana kwenye Mipangilio, na ndani ya makala hizo picha hutajwa kwa anwani zake tu. Kwa hiyo picha utakazoziona kwenye blogu ya majaribio ni zilezile za blogu halisi, na ukizifuta kule zilikohifadhiwa zitatoweka pande zote mbili.

Hatua ya tatu. Pakia faili la mandhari kwenye blogu ya majaribio, kisha uingize makala. Binafsi sioni haja ya kuhamisha makala zote. Ni afadhali kunakili chache zilizo sumbufu kuliko zote. Chukua yenye kichwa cha habari kirefu, mfano “Wafanyabiashara Ndogondogo Watakiwa Kujisajili Kabla ya Mwisho wa Mwezi”, uone kinavyokatika kwenye skrini ya simu. Ongeza yenye video, yenye maoni mengi, na yenye jedwali la msimamo wa ligi, kwa sababu hapo ndipo mandhari nyingi nzuri huumbuka: safu ya pointi, ambayo ndiyo msomaji anaitafuta, husukumwa nje ya skrini.

Hatua ya nne. Ondoa kwenye blogu ya majaribio msimbo wa matangazo na ule wa kuhesabu wageni, la sivyo utakuwa unajihesabu mwenyewe. Sasa badilisha jambo moja, hifadhi, kagua, ndipo uende kwenye jingine. Usikague kwa kompyuta peke yake. Tumia simu ya bei ndogo, na ufungue pia kwa Opera Mini yenye kubana data, kwani wapo wasomaji wanaolinda vifurushi vyao kwa njia hiyo, na menyu inayofunguka vizuri kwingineko huenda isifunguke humo.

Hatua ya tano. Utakaporidhika, pakua upya nakala ya mandhari ya blogu halisi, na unakili maandishi ya vijisanduku vya pembeni (gadgets) kwenye faili la kawaida, kwa kuwa mandhari isiyo na nafasi yake inaweza kuvipoteza. Tafuta ndani ya mandhari mpya kila mahali palipoandikwa anwani ya blogu ya majaribio. Kiungo kimoja kikisahaulika kwenye menyu, wageni watafikia ukurasa uliofungwa. Ndipo uipakie kwenye blogu halisi, urudishe misimbo uliyoiondoa, na ukague mara moja.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, kijisanduku cha “Makala Mpya” ni kitupu kwenye blogu ya majaribio, ilhali msimbo ni uleule. Tatizo ni nini?

Jibu: Kijisanduku hicho huvuta habari kutoka kwenye mlisho (feed) wa blogu, na blogu ikifungwa mlisho nao hufungwa. Iache wazi kwa muda, huku ukihakikisha injini za utafutaji bado zimezimwa, kikague, kisha uifunge.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mteja wangu anataka kuiona kazi kabla haijatoka, naye anatumia simu tu. Inawezekana?

Jibu: Marahaba. Inawezekana. Chagua wasomaji maalumu na umwalike kwa barua pepe. Ni afadhali aingie kwa akaunti ya Google yenye barua pepe uliyoialika, hivyo muulize kwanza simu yake imefunguliwa kwa akaunti ipi.

Swali: Je, nikishaweka hadharani halafu nikagundua kasoro baada ya siku mbili, nikirudisha mandhari ya zamani makala za siku hizo zitapotea?

Jibu: Hazitapotea, wala maoni hayataguswa. Kitakachorudi nyuma ni mandhari peke yake, pamoja na vijisanduku vilivyomo, kwa hiyo chochote ulichokiongeza pembeni katika siku hizo mbili kinakili kwanza.