Jinsi ya Kufumbua Chemshabongo ya Herufi ya Ziada

Chemshabongo ya kawaida inakupa maana, wewe unajaza neno. Hii ya herufi ya ziada inakubania maana mbili ndani ya kidokezo kimoja: maana ya neno dogo, kisha maana ya neno linalozaliwa dogo likiongezwa herufi moja. Mrabani huandikwa lile kubwa. Herufi zilizoongezwa, zikipangwa kwa mfuatano wa namba, huunda neno la siri, na usipolipata neno hilo hujamaliza, hata visanduku vyote viwe vimejaa.

Tutafanyia kazi vidokezo saba hivi. Tarakimu kwenye mabano ni idadi ya visanduku. Jaribu kwanza bila kusoma chini.

1. Susia kazi, upate cha kuchezwa harusini (5)
2. Leso, pika kwa mafuta (6)
3. Chakula cha saa saba chatoa sauti (4)
4. Ongezeka kimo, kabla ya miaka 18 huipigi (4)
5. Maji yaelekeayo baharini yaunguza (4)
6. Ugali wa Pwani wanguruma karibu na Lang'ata (5)
7. Ugomvi wenye vina na mizani (6)

Hatua ya 1: Hesabu visanduku

Chukua penseli na kifutio; kalamu ya wino iache mezani. Kwenye karatasi ya pembeni chora safu tatu: neno dogo, neno kubwa, ziada. Neno dogo lina herufi moja pungufu ya visanduku, kwa hiyo kidokezo cha 1 kinataka dogo la herufi nne, cha 2 la herufi tano.

Kila herufi ina kisanduku chake. Sh, ch, ny, th na ng ni visanduku viwili viwili, ingawa sauti ni moja. Kibainishi cha ng' hakipewi kisanduku: Lang'ata ingejaza visanduku saba. Wengi hukwama hapa wakidhani kosa liko kwenye neno, kumbe liko kwenye hesabu.

Hatua ya 2: Kata kidokezo

Tafuta mahali maana ya kwanza inapoishia. Mkato na nuktamkato ni alama za wazi. Pengine mtunzi huweka kitenzi cha kuunganisha: yazaa, yapata, yageuka. Mara nyingine hakuna alama yoyote, kama namba 7, ambapo "ugomvi" ni maana ya kwanza na yote yanayofuata ni ya pili.

Upatanisho usikupoteze. Kitenzi hufuata maneno ya juu ya kidokezo, hakifuati jawabu. Namba 5 inasema "yaunguza" kwa sababu ya maji. Jawabu lenyewe lingetaka "waunguza". Namba 6 ni hivyo hivyo: ugali "wanguruma", ila mwenye kunguruma hasa ni wa ngeli nyingine. Ukiitumia ile ya- au wa- kutafuta neno kubwa, utazunguka jioni nzima.

Hatua ya 3: Pata neno dogo kwanza, lote

Usianze kubahatisha kubwa. Dogo ndilo nguzo, na mara nyingi lina visawe vinavyotofautiana kwa urefu. Leso ni kanga, herufi tano, na tano ndizo tunazozitaka. Ukiandika khanga umefikia sita tayari, na utaanza kutafuta neno la herufi saba lisilokuwapo. Susia kazi: goma. Chakula cha saa saba: mlo. Ongezeka kimo: kua. Maji yaelekeayo baharini: mto. Ugomvi: shari.

Namba 6 ndiyo huwasumbua watu wa Nairobi. Hapa wengi wetu tunasema ugali tukafunga mjadala, lakini mtunzi amesema "wa Pwani", yaani sima. Neno la eneo likitajwa kwenye kidokezo, halijawekwa kama pambo.

Hatua ya 4: Jua herufi inaweza kuingia wapi

Hapa ndipo fumbo hufumbuliwa au hushindikana. Chemshabongo ya kawaida ilichapishwa mara ya kwanza katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, kazi ya Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, na mbinu nyingi zinazofundishwa zimejengwa juu ya Kiingereza, ambako herufi huchomekwa popote, hasa mwishoni. Kiswahili hakikubali hivyo. Tahajia yetu ina milango michache, na ukiifahamu huhitaji kupitisha alfabeti nzima.

Tunatumia herufi 24. Q na x hazimo. Mwishoni mwa neno huingia irabu tu, kwa kuwa maneno yetu huishia kwa irabu: choka huwa chokaa. Basi konsonanti ya ziada itafute mwanzoni au katikati, usipoteze muda mwishoni.

C haisimami peke yake, inataka h mbele yake. Kwa hiyo c ya ziada huingia tu mahali ambapo h tayari ipo: hai huwa chai, haki huwa chaki, hama huwa chama (watunzi wanaofuatilia siasa hawaachi hii ipite). H nayo hupenda kujificha nyuma ya s. Hapa sauti hubadilika kabisa, ndiyo maana sikio halisaidii: saba huwa shaba, suka huwa shuka, soka huwa shoka. Ukiona s kwenye neno dogo, jaribu h kabla ya kitu kingine.

W na y hutangulia irabu: njia huwa njiwa, kima huwa kimya. M na n hutangulia konsonanti, mwanzoni au katikati: simu huwa msimu, kaba huwa kamba, piga huwa pinga, taga huwa tanga. Irabu ya ziada mara nyingi hukaa kando ya irabu nyingine, au huvunja konsonanti mbili zilizoshikana mwanzoni.

Zilizobaki, kama k, t, p, r, l, z, huingia kati ya irabu mbili, au mbele ya neno linaloanza na irabu. Mlango huu ni mpana mno. Embe peke yake hutoa jembe, pembe, sembe na wembe. Kuu hutoa kuku, kutu na kuvu. Hapo umbo halikuamulii chochote, maana ya pili ndiyo hakimu.

Sasa rudi kwenye safu zako. Mlo una konsonanti mbili mwanzoni na o mwishoni. Weka i kabla ya o, upate mlio. Mto hufunguka katikati ya m na t kwa o: moto. Kanga huongezwa a: kaanga. Sima ina m, na m hukaribisha b: simba, ambaye kweli yupo katika mbuga ya Nairobi, jirani na Lang'ata. Shari huchukua i kabla ya r: shairi. Hiyo ya mwisho ni kidokezo kizuri kuliko vyote saba. Ugomvi wenye vina unachekesha hata baada ya kufumbuliwa.

Hatua ya 5: Thibitisha kwa makutano

Goma inakubali n mwanzoni (ngoma) na pia b baada ya m (gomba). Zote zina herufi tano. "Cha kuchezwa harusini" inaegemea ngoma, lakini kidokezo kikiwa na utata zaidi ya huu, tumia neno linalokatiza. Andika mawili hayo moja chini ya jingine: N-G-O-M-A na G-O-M-B-A. Yanatofautiana katika visanduku vinne vya kwanza, yanalingana katika cha tano pekee. Neno la wima likipita kwenye kisanduku cha tano, halijakusaidia kitu. Likipita kwenye kingine chochote, limekata shauri.

Fanya ulinganisho huo kila unapokuwa na majawabu mawili, kabla ya kufuta. Watu hufuta jawabu sahihi kwa sababu ya herufi ya makutano ambayo yenyewe ilikuwa ya kubahatisha. Jawabu lisilo na uhakika liandike kwa mkono mwepesi, ndogo, kwenye pembe ya kisanduku.

Kataa pia ziada ya uongo. Mto na mito ni neno lilelile, umoja na wingi. Bunge na mbunge ni ukoo mmoja. Gumu na ngumu ni upatanisho tu. Mtunzi makini huyaepuka hayo; ukijikuta umeandika moja lao, una sababu ya kulishuku.

Hatua ya 6: Soma neno la siri kabla hujamaliza

Safu ya ziada isome ungali na mapengo. Tumebakiza namba 4. Kua inapokea herufi nyingi katikati: kuba, kufa, kula, kura, kuta. Safu yako inasomeka N, A, I, pengo, O, B, I. Pengo ni R, kwa hiyo ni kura, na miaka 18 inaeleweka mara moja.

Neno la siri lisiposomeka, angalia mpangilio kabla ya kushuku majawabu. Mitindo ni miwili: kufuata namba bila kujali mwelekeo, au mlalo wote kwanza kisha wima. Maelezo ya juu ya mraba kwa kawaida hutaja upi umetumika. Irabu pacha haisumbui hapa: katika kaanga, uchukue a ya kwanza au ya pili, ziada ni A tu. Itasumbua pale tu mtunzi anapotaka upake rangi kisanduku cha ziada, na hapo vyote viwili ni halali.

Fumbo likigeuzwa

Kuna aina ngumu zaidi, ambamo ziada imefichwa ndani ya kidokezo chenyewe, na mrabani huingia jawabu la kawaida. Chukua hiki: "Bima ya wimbi (5)". Macho yanakimbilia bahari na fidia. Pitia kila neno la kidokezo ukiondoa herufi moja moja, ukibakiza tu yanayotoa neno kamili. Bima ikipoteza m huwa bia. Wimbi linarudi kuwa nafaka, na jawabu ni busaa, ambayo kimea chake hutengenezwa kwa wimbi. Ziada ni M.

Katika aina hii usihesabu visanduku ukipunguza moja. Busaa ina tano na visanduku ni vitano. Anza na neno linalokaa vibaya kwenye kidokezo. Kisipokuwa na neno la namna hiyo, anza na fupi zaidi, kwa sababu maneno ya herufi nne ndiyo huvumilia kupunguzwa na yakabaki na maana.