Maji yakishatoka ndani: kusafisha nyumba baada ya mafuriko

Masika yakikolea, Ruvu hutushushia Bagamoyo tope la kutoka Uluguru, na likifika sebuleni limeshapita kwenye vyoo vya shimo na mazizi ya watu. Lichukulie kama kinyesi. Kama fundi ujenzi nikiitwa, mara nyingi nakuta jiki imeshamwagwa kila mahali. Jiki ni hatua ya nne.

1. Usiingie bado. Zunguka nje kwanza. Ukuta wa miti na udongo ulioloa chini au uliopasuka kwenye kona huweza kuanguka hata maji yakiwa yameshaondoka. Kama meni swichi inafikika bila kukanyaga maji, izime. Haifikiki? Waite TANESCO. Na uniti za LUKU kuisha si kuzima umeme: waya unaoingia kwenye mita bado una moto.

2. Toa vitu. Vaa gambuti na glavu. Inua mikeka kwa fimbo, maana nyoka na nge nao walikimbilia pakavu. Msumari ukikuchoma, nenda zahanati siku hiyohiyo kwa ajili ya pepopunda. Unga, mchele na godoro la sponji vilivyolowa, tupa. Kwenye godoro ndiko tunakobishana sana: utalianika wiki nzima, juu likauke, katikati libaki bichi linanuka.

3. Tope, kisha sabuni. Litoe kwa beleshi likiwa bado bichi. Likikauka linakuwa vumbi la kuvuta puani. Halafu sabuni ya unga na brashi ngumu, sakafu na ukuta hadi juu ya alama ya maji. Suuza.

4. Sasa jiki. Uchafu huimaliza nguvu klorini, dawa iliyomo kwenye jiki, ndiyo maana ukiimwaga juu ya tope umetupa hela. Kwa jiki ya asilimia 3.5, robo lita katika maji lita 10. Paka, acha dakika 10, suuza. Fungua madirisha, na usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi; inatoa gesi inayoumiza mapafu.

5. Kausha. Ukungu huanza ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo upepo wa bahari upite mlango hadi mlango. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linaua. Lipu na rangi zisubiri, hata miezi. Bandika kipande cha nailoni ukutani kwa utepe wa gundi pande zote usiku; asubuhi ukikuta matone ndani yake, ukuta bado. Soketi zilizozama fundi umeme azifungue na kuzikagua kabla hujawasha chochote.

6. Kisima. Kikiingiwa na maji ya mafuriko, usinywe wala kuoshea vyombo maji yake mpaka kitiwe klorini na maji yapimwe. Muulize afisa afya wa kata. Maji ya kunywa yachemshe mpaka yatokote. Akiharisha mtu maji kama ya mchele uliooshwa, mpe maji yenye chumvi maalumu ya ORS huku mnampeleka hospitali, usiku huohuo.