Kopo la dawa likageuka manyanga: jinsi tunavyocheza ngoma ya VVU

Mtaani ukisikia "fulani ana ngoma", hawasemi ni mchezaji. Wanasema ana virusi. Mimi ngoma ninazo zote mbili: bugobogobo nimeicheza tangu nikiwa binti huku Magu, na dawa za kufubaza virusi nazimeza tangu 2009. Vijana wa vikundi vingine huniuliza waanzeje kuelimisha watu kwa ngoma. Nawajibu hapa wote kwa pamoja, nichoke mara moja.

Kwanza, msicheze kifo. Sisi tulianza hivyo. Tulichonga jeneza, mmoja wetu akapakwa majivu, akina mama wakaangua kilio hadi watazamaji nao wakalia. Uwanja ulijaa. Meza ya kupima, wahudumu walikaa wakipiga miayo. Tukiwa tunafungasha, nesi wa zahanati akaniambia, "Dada, umewaonyesha kaburi, halafu unawaita waje kuangalia kama ni lao." Jeneza tulilipasua kuni siku ileile.

Sasa tunacheza mtu anayelima. Bugobogobo imetupa hilo bure, kwa sababu ni ngoma ya jembe: unalirusha, linazunguka hewani, unalidaka bila kupoteza mdundo. Anayeweza hivyo mbele ya kijiji kizima hahitaji kueleza kwamba bado ana nguvu. Kama kwenu ni sindimba au mdundiko, tafuteni ndani yake kile kinachoonyesha uzima. Msiazime yetu.

Pili, onyesho moja libebe ujumbe mmoja. Kuna mwaka tulibananisha kondomu, tohara, yatima na unyonyeshaji ndani ya dakika arobaini. Watu wakaondoka na sifa za majembe tu. Leo tuna michezo miwili. Wa kwanza unasema hivi: mtu anayemeza dawa vizuri, virusi vikashuka hadi kipimo cha wingi wa virusi hakivioni, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Basi. Ukishamaliza hapo, funga mdomo, maana bibi mmoja atasimama kubisha, na mabishano hayo ndiyo unayoyataka.

Wa pili ni wa mama mjamzito, na hapo kuna hesabu. Bila dawa, katika watoto 100 wa akina mama wenye VVU wanaonyonyesha, wanaweza kuambukizwa kuanzia 15 hadi 45. Mama akitumia dawa, inashuka chini ya 5. Namba ukiiimba inapotea na vumbi, kwa hiyo tunaicheza. Tunasimama mstari wa watu 20, kila mmoja akisimama badala ya watoto watano, na anayelaza jembe ni walioambukizwa. Ngoma inapigwa, na tisa wanalaza majembe chini, mmoja mmoja, polepole, mpaka watu wanaanza kuguna. Tunarudia tangu mwanzo, safari hii mama amekwenda kliniki. Analaza mmoja tu. Manju anamfuata yule mmoja, anaokota jembe lake na kuuliza uwanja: "Na huyu je, tungemwokoaje?" Nimeona wazee wasiojua kusoma wakiihesabu ile mistari kwa vidole.

Sasa kopo. Anayetumia dawa anajua: vidonge vikiwa ndani ya kopo vinalia. Ukitembea navyo kwenye daladala, kila mtu anajua umetoka CTC, kliniki ya dawa za VVU. Wengine hujaza pamba, wengine humimina vidonge kwenye karatasi na kopo hulitupa nyuma ya kliniki. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nalifunga ndani ya kanga mara tatu. Siku moja kwenye mazoezi manyanga yetu yalipasuka, nikatoa makopo matupu mawili mkobani, nikatia kunde, nikatikisa. Wenzangu walinyamaza kidogo, kisha mpiga ngoma akanifuata.

Tangu siku hiyo hayo ndiyo manyanga yetu. Tia kunde au choroko, usitie kokoto, zinachana kopo. Usitie vidonge hata vilivyoisha muda, mtoto ataokota. Bandua lebo yote, maana mara nyingine ina namba ya mtu. Na usimwombe mtu kopo lake. Subiri alete mwenyewe. Wimbo wake ni mfupi. Ngoma kubwa inapiga mara mbili, manju anaita, "Saa mbili imegonga!" sisi tunaitikia, "Yangu ipo!" na kutikisa kopo, kiganja mdomoni, jembe juu. Kufika mara ya nne watoto wote wanaitikia. Muda wa dawa unaingia kichwani bila mtu kuhutubiwa.

Kwa sisi Wasukuma kuna jambo la kuangalia zaidi. Manju wa Bagika na Bagalu, vyama vyetu viwili vya ngoma, wanashindana kuvuta watu, na kila mtu anaamini wanaoshinda wana samba, dawa ya mvuto. Ukisimama mbele na kutamka "dawa" tu, wapo watakaokufuata jioni wakiomba mzizi. Mimi husema "vidonge vya kliniki", kila mara, hata wimbo ukiharibika vina. Sijasahau 2011, kikombe cha mitishamba cha Babu wa Loliondo, wapo walioacha vidonge wakidhani wamepona.

Kuhusu wachezaji, changanyeni wenye virusi na wasio navyo, na asijulikane nani ni nani. Mimi nimejitangaza kwa hiari yangu, hakunisukuma mume wala mfadhili. Wengine kikundini siwezi kukutajia hata ukinilipa, na Sheria ya UKIMWI ya 2008 nayo inalinda siri hiyo. Tuliwahi kupewa fulana zenye maandishi makubwa ya UKIMWI kifuani. Kijiji kikahitimisha kwamba sote tunao, na wazazi wawili wakawatoa binti zao wiki hiyo. Vaeni mavazi ya ngoma.

Siku ya onyesho, chagua mnada baada ya mavuno, watu wakiwa na nafasi na tumbo limetulia. Mwenyekiti na mtendaji wa kijiji waonane nawe mapema, na mganga mfawidhi wa zahanati asikilize nyimbo zote kabla hazijatoka. Wetu alifuta ubeti mzima niliokuwa naupenda kuliko yote, na alikuwa sahihi.

Hema la kupimia lisiwe karibu na ngoma. Tuliliweka mbele mara moja, kila aliyeingia akapigiwa makofi kama bibi harusi, na baada ya watatu hakuingia mwingine. Sasa linakaa upande wa pili wa soko, pamoja na kupima presha na uzito, ili anayeingia asijulikane amefuata nini. Ngoma kazi yake hapo ni kuwavuta macho wengine.

Katikati ya mchezo simamisha ngoma ghafla, jembe likiwa bado mkononi, uliza: "Huyu mume afanye nini?" Usijibu. Mpe yeyote anayebisha jembe aingie acheze jibu lake. Wanaume wa mnadani, ambao hawakanyagi kliniki, hapo ndipo husema wanachofikiri.

Jambo la mwisho, rudini. Mwezi mmoja baadaye, mnada uleule, mchezo uleule. Mara ya kwanza watu hutazama majembe. Mara ya pili huwa anatokea mmoja, ngoma zikishafungwa, anasimama karibu na mkokoteni kana kwamba anasubiri usafiri, hasemi kitu. Usimwulize. Mwambie WAVIU mshauri aliyekuja nanyi, yaani mwenye VVU anayeshauri wenzake, akae hapo karibu naye, na nyie endeleeni kufunga kamba.