Kuuza Kozi Mtandaoni: Piga Hesabu Kabla ya Kuwasha Kamera

Biashara hii inalipa, ila haimlipi kila anayeijaribu. Inamlipa mtu ambaye tayari anaulizwa maswali yale yale na watu wenye shida ile ile, kila wiki. Asiyeulizwa na mtu atamaliza miezi akirekodi, kisha mwaka mzima akitafuta wa kumuuzia. Kurekodi video ndiyo sehemu nyepesi. Kupata wanunuzi ndiyo biashara yenyewe, na hapo ndipo wengi hukwama.

Hesabu ya mauzo

Chukua kozi ya bei ya 50, kwa sarafu yoyote unayotumia. Njia ya kwanza ni kuiweka kwenye soko la kozi kama Udemy. Huko mwalimu hupata 97% ya mauzo yaliyopitia kuponi yake mwenyewe, lakini 37% tu pale soko lenyewe linapomletea mnunuzi. Tatizo ni kwamba soko hupunguza bei mara kwa mara. Kozi ya 50 ikiuzwa kwa 10, fungu lako ni 3.70, kwa hiyo unahitaji wanafunzi 271 ili ufikishe 1,000. Mnunuzi ana siku 30 za kudai pesa zake, na barua pepe za wanafunzi hupewi, hivyo kozi ya pili unaanza upya kutafuta watu.

Njia ya pili ni kuuza kwenye tovuti yako. Bei unapanga mwenyewe, na wateja unawaleta mwenyewe. Tuseme unalipia matangazo, kila anayebofya anakugharimu 0.40, na katika kila 100 wanaobofya ananunua mmoja. Mnunuzi huyo amekugharimu 40. Toa 2 za makato ya malipo. Toa pia 2.50 za marejesho, ikiwa katika kila wanunuzi 20 mmoja anarudishiwa pesa. Kwenye 50 umebakiwa na 5.50, na ada ya mwezi ya jukwaa linalohifadhi kozi yako hujalipa. Ndiyo maana kozi ya bei ndogo inayotegemea matangazo ya kulipia huishia kuwalipa wenye matangazo.

Sasa chukua watu 300 waliojiandikisha kwa hiari kupokea barua pepe zako. Wakinunua 3% tu, ni wanunuzi 9, yaani 450, na gharama ya kuwafikia ni kama hakuna. Orodha hiyo ina thamani kuliko kamera yoyote. Kama huna, anza nayo: toa somo moja la bure linalomaliza tatizo moja dogo, na sharti la kulipata liwe kuacha anwani ya barua pepe.

Uza kwanza, rekodi baadaye

Chagua tatizo jembamba. "Jifunze kushona" haiuziki, kwa sababu mnunuzi haoni atakachoweza kufanya mwishoni, na masomo ya jumla yamejaa bure YouTube. "Pachika kola ya shati isikunjamane" inauzika kwa fundi ambaye wateja wanamrudishia mashati.

Kisha andaa ukurasa mmoja: kozi ni ya nani, atatoka akiweza nini, masomo 8 hadi 12 kwa majina, tarehe ya kuanza, na bei ya kundi la kwanza, labda nusu ya bei kamili. Usirekodi kitu bado. Wapelekee watu unaowajua wana tatizo hilo, mmoja mmoja, na uwape siku 14. Lengo ni watu 10 waliolipa. Anayesema "ikiwa tayari nitanunua" usimhesabu. Ni adabu tu. Wakilipa chini ya 5, rudisha pesa zote siku hiyo hiyo na ubadilishe mada au ahadi. Utakuwa umepoteza wiki mbili tu.

Wakifika 10, wafundishe moja kwa moja kwa Zoom, vipindi vinne vya dakika 60 hadi 90, na uandike kila swali linaloulizwa. Swali lililoulizwa na watatu ni somo linalojitegemea. Somo ambalo halikuzua swali wala kosa, lifupishe au lifute.

Kurekodi

Mwanafunzi huvumilia picha ya wastani, lakini sauti mbovu humfukuza. Simu inayorekodi 1080p (kiwango cha picha kiitwacho Full HD) inatosha. Pesa ya kwanza iende kwenye maikrofoni ya kubana kwenye nguo, ikae kama sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu. Zima feni na funga madirisha. Chumba chenye mapazia na zulia hakirudishi mwangwi. Chenye kuta tupu hakitibiki kwa programu yoyote. Rekodi dakika moja, isikilize kwa spika za masikioni, ndipo uendelee.

Masomo ya mikono yana mtego wake. Kwenye kola, kamera ikikukabili kwa mbele, mwanafunzi anaona kazi kinyume na atachomeka pini upande usio wake. Weka kamera juu ya bega lako, iangalie chini, ili aone anachopaswa kuona akiwa ameketi mwenyewe. Cherehani itameza sauti yako, hivyo shona kwanza bila kusema, kisha weka maelezo ukiangalia picha. Pale kola inapogeuzwa kutokeza ncha, punguza mwendo na sogeza picha. Huko ndiko kosa hutokea.

Kila video ibebe jambo moja. Utafiti wa mwaka 2014 uliopitia mamilioni ya vipindi vya kutazama kwenye edX, jukwaa la kozi za vyuo vikuu mtandaoni, ulionyesha kuwa watazamaji, kwa wastani, hawakuvuka dakika 6, hata video ikiwa ndefu zaidi. Fikiria pia bando: video ya megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa, ya megabiti 5 hula mara tano. Weka toleo jepesi, na maelezo ya hatua kwa maandishi ya kupakua.

Baada ya kuuza

Kozi ya akili bandia ya Stanford ya mwaka 2011 ilijiandikishiwa na watu wapatao 160,000. Waliomaliza walikuwa kama 20,000 na ushee. Ile ilikuwa ya bure, lakini hata anayelipa huacha njiani, na aliyeacha hanunui kozi ya pili wala hamwambii mwenzake. Dawa ni kazi ya kukabidhi: kila baada ya masomo mawili atume picha ya alichofanya, nawe umjibu ndani ya siku mbili. Maelezo matupu siku hizi mtu anayapata bure, hata kwa kuiuliza akili bandia. Anacholipia ni jicho la mtu anayemwambia amekosea wapi, na huduma hiyo ndiyo inayohalalisha bei ya juu.

Video zako zikipendwa, zitavuja. Usitumie miezi kuwinda waliozisambaza. Masahihisho unayompa kila mwanafunzi hayawezi kunakiliwa. Kuhusu kodi, Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2015 hutoza kodi ya ongezeko la thamani kwa bidhaa za kidijitali kulingana na nchi ya mnunuzi, hata muuzaji akiwa nje. Kabla ya kuchagua jukwaa, uliza kama ndilo linalokusanya na kulipa kodi hiyo, au limekuachia wewe.

Na kama kozi inahusu programu ya kompyuta, muonekano wake utabadilika na wanafunzi watalalamika kuwa kitufe hakipo. Rekodi skrini kwa vipande vifupi, usitaje tarehe wala namba ya toleo kwa sauti, na uhifadhi kila kipande kwenye faili lake, ili siku ya kurekebisha ubadilishe dakika tatu badala ya kozi nzima.