Pikipiki katikati ya malori: kulifuata, kulipita na kupishana nalo

Barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma inabeba mizigo ya Zambia na mingi ya Congo. Lori na tela lake lina urefu wa mita 17 hadi 22, na sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu uzito wa hadi tani 56. Pikipiki ya CC 125 au 150 pamoja na anayeiendesha haifiki hata kilo 250. Kwa hiyo dereva wa lori akuone, na muda unaokaa ubavuni mwa matairi yake uwe mfupi kadiri inavyowezekana.

Mahali asipokuona

Lori lenye usukani kulia halioni vizuri upande wa kushoto, kuanzia mlango wa utingo kurudi nyuma. Nyuma ya tela dereva haoni kitu kabisa. Hata mbele, chini ya kioo, kuna mita kadhaa ambazo macho yake hayafiki. Ndiyo maana ni hatari kujipenyeza mbele ya lori kwenye foleni ya mizani: foleni ikisogea anaondoa gari bila kujua kama upo pale chini.

Kipimo chepesi ni saitimira. Ukiuona uso wake kwenye kioo, naye anaweza kukuona. Usipouona, jihesabu kuwa haupo.

Jihadhari na baadhi ya malori ya Burundi, Rwanda na Congo yenye usukani kushoto. Kwa hayo upande wenye giza zaidi ni wa kulia, yaani upande uleule unaopitia unapolipita. Tazama dereva amekaa upande gani kabla hujatoka.

Kulifuata

Acha sekunde tatu. Lori likipita nguzo au kibao, anza kuhesabu: elfu na moja, elfu na mbili, elfu na tatu. Ukiifikia nguzo kabla hujamaliza, umelikaribia mno. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde tatu ni kama mita 67. Mvua ikinyesha ziwe sita.

Wengi hudhani nafasi hiyo ni kwa ajili ya breki za lori tu. Kuna jambo baya zaidi: lori linaweza kulipitisha shimo, jiwe au kipande cha tairi katikati ya magurudumu yake bila hata kuyumba. Ukiwa mita kumi nyuma, kitu hicho kinachomoza chini ya tela na kukufikia kwa nusu sekunde. Anayejibanza nyuma ya lori akwepe upepo hana muda wa kukwepa kitu kingine chochote.

Kaa kwenye njia ya matairi ya kulia ya lori, ili uone saitimira yake na barabara ya mbele. Lori au basi likija kutoka mbele, hamia njia ya matairi ya kushoto. Ule mstari wa katikati, kati ya njia hizo mbili, ndiko oili hudondokea, hasa milimani na karibu na mizani. Lami ikiwa imebonyea kwa uzito wa malori, usiburuze tairi kwenye ukingo wa bonde. Ukihama, punguza mwendo, ukate kwa pembe inayoeleweka.

Kulipita

Hapa piga hesabu. Lori linakwenda 60, wewe 80. Unaanza mita 25 nyuma yake, lina urefu wa mita 20, na unarudi upande wako ukiwa mita 25 mbele. Hizo ni mita 70 za kulizidi, na tofauti ya mwendo ni mita 5.6 kwa sekunde. Utatumia karibu sekunde 13 na kula mita 280 za barabara. Basi linalokuja kwa 100 litakuwa limetembea mita 350. Kwa hiyo unahitaji zaidi ya mita 600 zilizo wazi.

Lori likienda 70, sekunde zinakuwa 25 na barabara unayohitaji inazidi kilomita moja. Kwa pikipiki ya CC 125 yenye abiria, lori la namna hiyo liache. Mizani ya Vigwaza au Mikumi italisimamisha, nawe utapita bila kuhatarisha chochote.

Njia ikiwa nyeupe: rudi nyuma uone vizuri, washa indiketa, shusha gia moja, piga honi fupi, toka mapema ukiwa bado mbali. Ukifika usawa wa tela usisitesite. Tairi la lori likipasuka hutupa vipande vizito, na wewe ndiye uliye karibu. Rudi kushoto ukishaziona taa zote mbili za mbele za lori kwenye saitimira yako, na usikanyage breki mbele yake.

Dereva akiwasha indiketa ya kushoto huenda anakuruhusu upite. Huenda pia anaingia kituo cha mafuta. Ichukue kama taarifa, kisha utazame mwenyewe. Na usilipite kamwe kwa kushoto, hasa karibu na njia panda: lori refu hutanuka kulia kabla ya kukata kushoto, na matairi ya nyuma yanaifagia kona yote.

Kupishana

Lori likija mbele, upepo wake hukusukuma kwanza, kisha hukuvuta. Bana tangi kwa magoti, legeza viwiko, inama kidogo, usikaze usukani. Kwenye upepo wa pembeni, kama Makambako au Singida, lori hukukinga unapokuwa ubavuni. Ukiuacha ubavu wake upepo unakupiga kwa mkupuo. Utarajie.

Basi likitoka nyuma ya lori na kuingia upande wako, usibishane nalo. Punguza mwendo ukiwa bado kwenye lami, kisha shuka pembeni pikipiki ikiwa wima, ukitumia breki ya nyuma kwa upole. Breki ya mbele kwenye changarawe itakuangusha. Kurudi, subiri hadi ufike kama kilomita 20 au 30 kwa saa, tafuta mahali ambapo ukingo wa lami ni mfupi, uupande kwa pembe.

Milimani na usiku

Kitonga na milima mingine, lori lenye mzigo hupanda kwa gia nzito na kushuka likinguruma. Ukinusa breki zinazoungua kwenye mteremko, simama mahali salama nje ya barabara uliache lipite.

Matawi ya miti yaliyolazwa kwenye lami yana maana ya lori lililoharibika mbele, mara nyingi baada tu ya kona. Punguza mwendo palepale, hata kama huoni kitu. Lori likishaondoka, matawi husahaulika, na mawe yaliyozuia matairi pia. Jiwe la ukubwa wa kichwa ni tosha kumuua mwendesha pikipiki.

Usiku, tela bila taa wala viakisi huonekana umechelewa. Endesha kwa mwendo unaoweza kusimama ndani ya mwanga wa taa yako. Kwa taa za pikipiki nyingi hiyo haizidi kilomita 50 kwa saa.